Siku niliyokuta "nyamazeni" 41 kwenye daftari la mwanafunzi

Huu ni mwaka wangu wa 14 kwenye ualimu, na kama kuna kitu ningetamani mtu aniambie mapema ni kwamba sehemu kubwa ya kelele za darasani kwangu zilikuwa zinatoka mdomoni mwangu mwenyewe. Hakuna aliyeniambia. Niliikuta imeandikwa kwenye daftari.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu kazini, nafundisha hisabati watoto wa miaka 12, 13 hivi, wako 58 darasani, siku hiyo nimekusanya madaftari nasahihisha, nikafika kwa binti mmoja mtulivu sana, yule wa kukaa dirishani hana neno na mtu, nikafunua hadi ukurasa wa mwisho sijui hata nilikuwa natafuta nini, nikakuta amechora vijiti. Vile vijiti vya kuhesabia, vinne vimesimama na cha tano kimelazwa juu yao. Juu yake ameandika "Nyamazeni" na tarehe ya jana yake. Nikavihesabu vyote, 41. Kipindi chenyewe kilikuwa cha dakika 40.

Nilimwita baadaye, siyo kwa ubaya, nikamuuliza alikuwa anafanya nini pale. Akaogopa kwanza, alafu akasema taratibu, "Mwalimu, nilikuwa nasubiri umalize ule mfano wa pili. Ulikuwa unaanza alafu unaukatisha."

Hilo jibu lilinikaa. Maana mimi siku zote nilijua nyamazeni ninayosema inawalenga wale wanaopiga kelele, kumbe wanaopiga kelele hawaisikii hata kidogo, wameshaizoea kama mtu anayekaa karibu na barabara alivyozoea magari. Anayeisikia ni yule aliyekaa kimya ananifuata. Kila nikisema nyamazeni nilikuwa namkatisha yeye, mara 41 kwa kipindi kimoja, na yeye hajakosa chochote.

Basi wiki iliyofuata nikaweka simu yangu kwenye droo ya meza, nikawasha kinasa sauti, nikafundisha kama kawaida yangu, usiku nikavaa hedifoni nikasikiliza peke yangu na nikaifuta nilipomaliza. Mwalimu yeyote anayesoma hapa namwomba afanye hivo mara moja tu. Inauma. Unajiona unafundisha vizuri mpaka usikie sauti yako ikiwa imetengana na mwili wako, hakuna mikono, hakuna ubao, ni maneno tu, na ndo maneno hayohayo watoto wanapokea kila siku.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni "mmeelewa?" Dakika 10 za mwanzo nimeisema mara 9, na kila mara wanajibu "ndiyoooo" kwa mvuto mmoja kama wimbo, na mimi naendelea mbele nimeridhika. Jamani, mmeelewa siyo swali. Mtoto ambaye hajaelewa ana njia mbili, aseme hapana peke yake mbele ya wenzake 57 au aungane na kwaya, sasa we unadhani atachagua nini? Na kuna yule ambaye anaamini kabisa ameelewa kumbe ameelewa kitu kingine. Nilichokuja kufanya badala yake ni rahisi mno, nawapa swali moja fupi, kila mtu anaandika jibu kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, nikisema "juu" wote wanainua kwa pamoja. Ndani ya sekunde 10 nimeona majibu 58 kwa macho yangu, naona nani kakosea, naona kama kosa ni la mtu mmoja au la nusu ya darasa, na hakuna aliyejitangaza. Siku ya kwanza kufanya hivi niliuliza 1/2 kujumlisha 1/3, na karatasi zaidi ya nusu zilikuwa na 2/5, yaani wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Hao wote dakika mbili nyuma walikuwa wamesema ndiyoooo.

Kitu cha pili kwenye rekodi kilinisikitisha zaidi. Nilikuwa nauliza swali na kulijibu mwenyewe. "Tunatafuta nini hapa? Tunatafuta kigawe kidogo cha shirika, si ndiyo?" Hata pumzi hakuna katikati. Nilipokuja kusoma soma kidogo nikagundua siko peke yangu, kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Mary Budd Rowe alisikiliza rekodi nyingi sana za vipindi vya sayansi, na alichochapisha mwaka 1974 ni kwamba mwalimu akishauliza swali anasubiri kwa wastani kama sekunde 1 tu, asiposikia kitu anarudia swali, analibadilisha, au anamrukia mwingine. Walimu walipojizoesha kusubiri sekunde 3 na zaidi majibu yakawa marefu, wanaonyamaza wakapungua, wanaojitolea kujibu wakaongezeka, na wale waliokuwa wanaonekana wazito wakaanza kuchangia nao. Sekunde 3! Siyo vifaa, siyo bajeti, siyo semina.

Ila nikwambie ukweli sekunde 3 za kimya mbele ya darasa ni ndefu mno. Nilikuwa nahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, mara ya kwanza nilifika kidole cha pili nikahisi jasho, kichwa kinaniambia sema kitu, sema kitu, wameshindwa, wataanza fujo. Hawakuanza. Walinitazama tu kwa mshangao maana hawakuzoea, alafu mkono mmoja ukapanda, wa pili, kufika kidole cha tano mikono ilikuwa 7 au 8 na kati yao kuna ambayo sikuwahi kuiona juu tangu mwaka uanze. Hawakuwa hawajui. Nilikuwa siwapi muda wa kujua.

Na Rowe alitaja kusubiri kwa aina mbili, hii ya pili watu wengi wanaisahau, nayo ni kusubiri baada ya mtoto kujibu. Akishasema jibu usikimbilie "safi" au "hapana, mwingine". Kaa kimya kidogo umtazame kwa uso wa kawaida. Mara nyingi anaongeza "kwa sababu..." mwenyewe bila kuulizwa, au anajisahihisha, au jirani yake anasema "mimi sikubali". Somo linaanza kutembea lenyewe.

Kingine kidogo kwenye kuuliza, jina lije mwisho. Nilikuwa nataja jina la mtoto kwanza ndo nauliza, na hapo wengine wote 57 wanajua wamepona, wanarudi kwenye stori zao. Saivi nauliza swali, nasubiri, ndo nataja jina. Kila mtu anakuwa amelibeba swali kichwani kwa zile sekunde maana hajui nani ataitwa.

Alafu siku swali ni gumu kweli natumia ile ya fikiri peke yako, ongea na jirani, kisha sema mbele ya wote, utaratibu ulioletwa na Frank Lyman mwaka 1981 huko Marekani na umeenea kila mahali. Mwanzoni niliuogopa, nikidhani nikiwaruhusu waongee sitawarudisha. Kuwarudisha kunahitaji ishara ambayo mmekubaliana kabla na mmeifanyia mazoezi, nasisitiza mazoezi, kama timu inavyofanyia mazoezi kona. Mimi nainua mkono na kuhesabu kushuka lakini kati ya namba na namba naweka kazi: "tano, malizia sentensi yako, nne, mgeukie ubao, tatu, kalamu chini, mbili, asante wale wa kona, moja." Kwa sauti ya kawaida. Nikifika moja nanyamaza na siongei mpaka wote wametulia, hata kama ni nusu dakika, maana nikianza kuongea huku watatu wanaongea nimewafundisha kwamba kuongea mimi nikiongea ni ruksa.

Turudi kwenye rekodi, maana kuna maelekezo. Hapa nanukuu nilivyojisikia mwenyewe neno kwa neno: "Haya toeni madaftari fungueni ukurasa wa 34 fanyeni la kwanza mpaka la sita lakini la nne liacheni, mkimaliza badilishaneni na jirani, wale wa nyuma mnanisikia, na msisahau tarehe, haya." Pumzi moja. Na wakati nasema haya nasikia chini yake mabegi yanafunguliwa, madawati yanaburuzwa, kwa sababu neno la kwanza nililotoa lilikuwa toeni madaftari, wakaanza kutoa, sasa nani angesikia yaliyofuata? Dakika moja mbele sauti zinaanza, "Mwalimu ukurasa wa ngapi?" "Mwalimu la nne tunafanya?" na mimi nakuja juu, "Hamsikilizi! Nimesema mara ngapi!" Nilisema mara moja, tena katikati ya kelele ambayo mimi ndo nimeiagiza.

Hii niliifanyia kazi muhula mzima na ndo imenisaidia kuliko mengine yote pengine. Kwanza nasimama sehemu moja, ileile kila siku, kushoto kwa ubao, miguu imetulia. Sigawi karatasi huku naongea, siandiki huku naongea. Nasubiri macho. Alafu nasema neno la kuwazuia kabla ya kila kitu: "Nikisema anza, siyo sasa, nikisema anza..." ndo naeleza, kwa sentensi fupi, kazi ni ipi, muda gani, peke yako au wawili, na ukikwama unafanya nini kabla ya kuniita. Hiyo ya mwisho msiidharau, ukikwama soma mfano ubaoni, bado, muulize jirani, bado, ndo inua mkono. Namba za maswali naziandika ubaoni sizisemi tu, maana sauti ikishapita imepita ila ubao unabaki. Kisha namwomba mtoto mmoja arudie nilichosema, siyo yule mwerevu wa mbele, namchukua wa katikati hivi. Akikosea sio kosa lake, ina maana sikueleza vizuri, narudia. Neno "anza" linakuja mwisho kabisa. Karatasi kama zipo nagawa baada ya kueleza, kamwe siyo kabla, mtoto akishashika karatasi hakusikilizi tena, hata mimi mtu mzima kwenye mkutano wakinigawia karatasi nasoma karatasi.

Na maneno yenyewe. Nilikuwa nawaambia wasichotakiwa kufanya kutwa nzima. Acheni kelele. Usichezee rula. Msigeuke nyuma. Ukimwambia mtoto usigeuke nyuma hujamwambia atazame wapi. Nikaanza kusema kinachotakiwa, tena kwa maneno machache kadiri inavyowezekana: "Rula mezani." "Macho hapa." "Kalamu chini, asante." Hiyo asante naisema kabla hajafanya, kama mtu ambaye hana shaka kwamba litafanyika, na siyo ujanja, ni kwamba kweli namtarajia afanye.

Kuna na yale maswali ambayo siyo maswali. "Kwa nini unaongea?" Nilimuuliza hivo mtoto mmoja akaniambia, "Nilikuwa namuomba kalamu, yangu imeisha wino." Unajua nilisemaje? "Unanijibu?" Nikamtoa nje. Nimemuuliza, amejibu, amejibu ukweli, nimemfukuza kwa sababu amejibu. Ipo kwenye ile rekodi, mlango unasikika unavyofungwa. Tangu hapo nimeacha kabisa kuuliza kwa nini wakati sitaki sababu. Kama nataka anyamaze namwambia afanye kazi, kama nataka sababu namuuliza baada ya kipindi tukiwa wawili na namsikiliza.

Sasa hili la kijana wa dawati la nyuma. Nimesita kuliandika ila bila hilo mengine yote ni mbinu tu.

Alikuwa kijana mmoja anayeandika polepole, kunakili kwake kunachukua muda, na akichelewa anaanza kuongea na wa pembeni. Siku moja nimechoka, kipindi cha mwisho, nikamwambia mbele ya wote, "We hata ukirudia darasa mara tano utabaki hivohivo." Darasa likacheka. Na yeye akacheka, akacheka kuliko wote, na mimi kwa ujinga nikaona kumbe hakuumia. Kesho yake hakuja na daftari. Keshokutwa hivohivo. Akawa mtu wa kurusha vipande vya chaki, kuiga sauti, kuingia amechelewa akitembea kama bosi, nami nikawa nazidisha adhabu na yeye anazidisha utundu, mwezi mzima tunavutana, na darasa zima linatutazama kama mpira.

Kulikuwa na mwalimu mwenzetu mmoja mama mtu mzima, kabakiza kidogo astaafu, tulikuwa tunamheshimu sana wote. Nikamlalamikia kuhusu yule mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza ilianza lini. Nikajikuta namweleza ile siku. Akanyamaza, akasema, "Mwanangu, mtoto ukimvua nguo mbele za watu atatafuta cha kujifunika haraka, na kilicho karibu yake ni utundu. Bora aitwe mtundu kuliko aitwe mjinga." Nikamuuliza nifanye nini mama. Akasema, "Ulimvulia wapi?"

Nilienda darasani nikasimama palepale kushoto kwa ubao, nikasema kwamba siku ile nilimwambia mwenzenu maneno mabaya, hayakuwa kweli, nilikuwa nimechoka lakini kuchoka siyo sababu, na namwomba msamaha mbele yenu kwa sababu nilimkosea mbele yenu. Sikusema "lakini na yeye". Nilitamani kusema, ilikuwa imefika kwenye ulimi. Darasa lilikuwa kimya kuliko siku yoyote. Yeye aliangalia dawati tu. Nisidanganye kwamba kesho yake alibadilika, ilichukua kama wiki mbili ndo daftari likarudi, na hata hapo lilirudi bila jina juu.

Tangu siku hiyo kumrekebisha mtoto kwangu ni jambo la karibu na la chini, karibu kwa umbali na chini kwa sauti. Kwanza namtazama. Mara nyingi inatosha. Isipotosha natembea kuelekea alipo huku naendelea kufundisha, sijakata sentensi, nafika nagusa daftari lake kwa kidole kwenye mstari alioachia. Au naweka jina lake ndani ya sentensi ya somo kama mfano, bila kubadilisha sauti, "tukizidisha juu na chini kwa 3, sawa fulani, tunapata..." na ninaendelea. Ikibidi maneno nainama usawa wa sikio lake, sentensi moja, "nataka kuona la pili limeanza nikirudi." Alafu, na hapa ndo penyewe, NAONDOKA. Nilikuwa nasimama pale namsubiri atii, na wenzake wote wanatazama nani atashinda, mtoto wa miaka 13 hawezi kutii katika hali hiyo hata angetaka. Ukimpa mgongo anapata sekunde kadhaa za kutii bila kuonekana ametii. Ukirudi amefanya, unasema asante kidogo, yameisha.

Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza utafiti wake kutokana na kitu kama hiki, alikuwa anafundisha chuoni, akamkemea mwanafunzi aliyekuwa anasoma gazeti wakati wa mhadhara, akashangaa wale ambao hawakukemewa ndo wamekaa sawa. Akatafiti sana hilo wimbi la karipio, akaja hadi kurekodi madarasa kwa video, na alichokiandika mwaka 1970 ni kwamba walimu wenye madarasa tulivu na wale wenye vurugu hawakutofautiana kwa jinsi wanavyokaripia. Walitofautiana kwa kile wanachofanya kabla kosa halijakua. Mwalimu mwenye darasa tulivu watoto wanaamini ana macho kisogoni, anaona mapema, anamgusa aliyeanza na siyo aliyefuata, anaweza kushughulika na mambo mawili kwa wakati mmoja bila kusimamisha somo. Nilivyosoma hilo nilikumbuka idadi ya mara nilizomtoa nje mtoto wa pili wakati wa kwanza ametulia kama malaika. Watoto wanakumbuka hizo kwa miaka.

Kounin alizungumzia pia mwendo wa kipindi, kwamba kukatakata somo na kuchelewesha mambo kunazaa fujo, na hii ni kweli kabisa, fujo inaingia kwenye mianya. Dakika 5 za mwanzo nilizokuwa naita mahudhurio jina moja moja zilikuwa mwanya. Saivi wakiingia wanakuta swali ubaoni tayari, dogo la kufanyika kimya, la kitu tulichosoma jana, na mimi niko mlangoni nawapokea kwa majina, mahudhurio nachukua kwa macho wakiwa wanaandika. Majina nilijifunza kwa kuchora ramani ya madawati na kukaa nayo jioni, wiki mbili, 58 wote. Huwezi kumwambia "we mwenye sweta" alafu utegemee akuheshimu.

Vitisho nimepunguza hadi vimekaribia sifuri. Nilikuwa naahidi mambo makubwa nisiyoyafanya, "nitawabakiza wote mpaka jioni", hakuna siku nilibakiza, na kuadhibu wote kwa kosa la wawili ni namna ya haraka ya kuwapoteza wale 56. Sasa nasema kidogo na ninatimiza: "Unaweza kufanyia hapa ukiwa kimya au ukaja kufanyia meza ya mbele, chagua, narudi baada ya dakika moja." Na narudi kweli. Kama ni meza ya mbele basi ni meza ya mbele, bila hotuba.

Sifa nazo nilikuwa namwaga ovyo, "safi sana, safi sana", haina maana yoyote. Nataja kitendo: "umeonyesha hatua zote ndo maana umeona mwenyewe ulipokosea". Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti mwaka 1998, watoto waliosifiwa kwa kuwa na akili walikata tamaa haraka zaidi wakikutana na swali gumu kuliko waliosifiwa kwa bidii, kwa hiyo hata neno tamu lina upande wake. Kuhusu chati za nyota na pointi, nilijaribu, zilifanya kazi kama wiki tatu kisha wakaanza kugombania nyota badala ya hesabu, nikazitoa. Labda kwa wadogo zaidi zinafaa.

Na kuna siku darasa bado linanishinda. Kipindi cha mwisho siku ya mwisho ya wiki, au siku kumetokea ugomvi nje wakaingia nao ndani, nahesabu tano nne tatu na hakuna kitu. Siku hizo nawapa kazi ya kuandika kimya dakika 10 na mimi napunguza sauti hadi karibu na kunong'ona, maana kila nikipandisha yangu wanapandisha yao. Wakati mwingine inasaidia, wakati mwingine natoka nimechoka tu.

Karibu na mwisho wa mwaka uleule nilirekodi tena. Safari hii niliwaambia kabisa kwamba simu iko mezani na ni mimi najisikiliza, siyo wao. Nilirudia ile 1/2 kujumlisha 1/3 makusudi, nikaandika ubaoni majibu mawili bila kusema lipi ni lipi, 2/5 na 5/6, nikawaambia waongee na jirani kisha mtu aniambie lipi haliwezekani na kwa nini. Usiku nikavaa hedifoni. Nasikia mnong'ono wa madawati, nahesabu kushuka, wanatulia, nauliza tena, alafu kimya. Kimya kirefu, nikajikuta nahesabu kwa vidole kitandani. Kisha inatoka sauti ya mbali kidogo kwenye simu, ya kutoka nyuma, ya yule kijana, anaongea polepole kama anavyoandika: "Mwalimu, 2/5 haifiki nusu. Si tulianza na nusu? Sasa tumejumlisha alafu imepungua?"

Hapo simu imenasa sekunde kama nne hivi ambazo sikusema kitu. Alafu inasikika sauti ya binti wa dirishani, "Eeh, kweli," na madaftari yanaanza kufunguliwa.